Kazi Moja, Bei Mbili: Historia Fupi ya Mshahara wa Mwalimu



Mwaka jana, baada ya hotuba na wimbo wa taifa, tulipokuwa tumeketi na sahani zetu za pilau hapa Rooty Hill, mabishano yalipamba moto kwenye meza moja. Mmoja wetu alisema walimu wa Kenya hawatosheki, kila muhula ni mgomo. Mwingine akamjibu kwamba mtu hagomi akiwa ameshiba. Sisi wauguzi tuliokuwa pale tukaongeza letu: kama ni kazi ngumu, basi anayekesha wodini na wagonjwa alipwe kwanza. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa amekuja kumtembelea bintiye, alitusikiliza hadi tukachoka. Kisha akauliza swali moja tu: "Wanangu, nani kati yenu anajua mwalimu alilipwa na nani kabla ya mwaka 1967?"

Hakuna aliyejua. Na meza nzima, kuanzia mhasibu hadi dereva wa basi, ilikuwa imefundishwa na walimu wa Kenya.

Swali la mzee lilitufuata hadi nyumbani, na makala haya yametoka humo. Hatuandiki kama wanahistoria. Tunaandika kama wauguzi tuliosomea shahada zetu ugenini, na ambao karo ya kwanza ya shahada hizo ilitoka kwenye karatasi ya mshahara wa mwalimu. Wengi wetu ni watoto wa walimu. Tunakumbuka jinsi mzazi alivyokopa kutoka SACCO ya walimu, na jinsi walimu wenzake wanne au watano walivyotia sahihi kuwa wadhamini wake, wakijua kwamba tukishindwa huku Sydney, wao ndio watakaokatwa kule. Kwa hiyo swali la iwapo mwalimu analipwa haki si la wanasiasa peke yao. Ni deni letu pia.

Tatu kwa tano

Tuanze na mkoloni, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika jedwali la kwanza la mishahara.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilituma tume ichunguze utumishi wa serikali katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Iliongozwa na Sir Maurice Holmes na ilifanya kazi mwaka 1947 na 1948. Pendekezo lake moja linajulikana hadi leo: Mwafrika alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu, hata wakiwa na cheo kimoja na kazi moja. Kwa hesabu ya shuleni, Mzungu akipata shilingi 100, Mwafrika apate 60. Hoja ilikuwa kwamba mahitaji ya Mwafrika ni madogo.

Jedwali hilo lilikuwa la watumishi wa serikali. Walimu wengi Waafrika walifundisha katika shule za misheni, ambako mshahara ulitegemea ruzuku ya serikali na mfuko wa misheni yenyewe. Kwa hiyo mwalimu alipimwa mara mbili: kwanza dhidi ya Mzungu, kisha dhidi ya Mwafrika mwenzake aliyebahatika kuwa karani wa serikali.

Hatushangai, basi, kwamba siasa za uhuru zilijaa walimu. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alikuwa amefundisha Alliance. Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno. Daniel arap Moi alikuwa mwalimu Kabarnet na Tambach kabla ya kuingia katika baraza hilo mwaka 1955. Jirani zetu nao walimpata Julius Nyerere, aliyeacha ualimu Pugu mwaka huohuo wa 1955 ili aongoze TANU, na jina la Mwalimu likabaki lake hadi kaburini.

Mwaka 1954 tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilipendekeza ngazi za mishahara zisizotaja rangi ya mtu. Kwenye karatasi, tatu kwa tano ikafutwa. Lakini watumishi waliotoka Ulaya waliongezewa malipo ya kuwavutia waje na wakae. Bei mbili ziliondoka kwa mlango wa mbele, zikarudi kwa dirisha.

Waajiri wengi, mwajiri mmoja

Sasa tunaweza kumjibu mzee. Kabla ya 1967, mwalimu alilipwa na yeyote aliyemwajiri. Huyu alikuwa wa misheni ya Kikatoliki, yule wa Kianglikana, mwingine wa baraza la wilaya, mwingine wa Wizara ya Elimu. Walimu wawili wangeweza kuwa na cheti kimoja kutoka chuo kimoja, wakafundisha darasa la nne katika vijiji viwili vilivyotenganishwa na mto, na bado wakatofautiana kwa mshahara, kwa likizo na kwa pensheni. Aliyehama kutoka mwajiri mmoja hadi mwingine alihatarisha miaka yake ya utumishi.

Chama cha walimu, KNUT, kiliundwa tarehe 4 Desemba 1957, miaka 6 kabla ya uhuru. Sisi tuliodhani kelele za walimu zilianza na vyama vingi tuone aibu kidogo: chama chao kina umri mkubwa kuliko Jamhuri tunayoisherehekea. Dai lake kubwa la mwanzo halikuwa kiasi fulani cha shilingi. Lilikuwa dai la mwajiri mmoja, ili kazi moja iwe na bei moja.

Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, shule zilichipuka kila mahali. Wananchi walijenga shule za Harambee kwa mabati na matofali yao wenyewe. Watoto walikuja, lakini malipo ya walimu yaliendelea kuchelewa na kutofautiana. Walimu waligoma zaidi ya mara moja katika miaka hiyo ya kwanza. Hatimaye serikali ilikubali, na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 1967. Kuanzia hapo mwalimu wa P1 wa Kwale na wa Turkana walikuwa na mwajiri mmoja, ngazi moja na namba ya TSC.

Wazazi wetu walilitamka jina hilo kwa heshima. Kuandikwa na TSC kulimaanisha kwamba mtu amefika. Aliyeandikwa alipata mkopo, alijenga nyumba ya mawe, na alikuwa mtu wa kuombwa aongoze harambee. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa wa kutegemewa, na hakuna aliyeweza kumwambia mwalimu kwamba wa misheni ya pili anapata zaidi.

Ahadi ya 1997

Sisi wa rika letu tunaianza historia hii mwaka 1997, kwa sababu tulikuwepo. Tulikuwa kidato cha tatu. Oktoba ilipofika, watahiniwa wa KCSE walikuwa wakijiandaa, na ghafla walimu hawakuonekana. Tulikaa darasani tukisomeshana wenyewe hadi saa nne, kisha tukaenda kucheza mpira.

Kiini cha mgomo ule kilikuwa ulinganisho. Bei za vitu zilikuwa zimepanda sana katika miaka ya 1990, na mwalimu aliyekuwa na maisha ya heshima mwaka 1975 sasa alikuwa akiuza mayai na mafuta ya taa jioni ili afike mwisho wa mwezi. KNUT, chini ya katibu mkuu Ambrose Adongo, ilidai walimu wanyanyuliwe. Uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni, mwezi Desemba. Serikali ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu 5, na makubaliano yakachapishwa kama tangazo rasmi la kisheria, nambari 534 la mwaka 1997, pamoja na marupurupu.

Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ukapita. Kisha serikali ikasema haina pesa. Oktoba 1998 walimu waligoma tena, na safari hii walirudi darasani mikono mitupu. Rais wa nchi wakati huo alikuwa mwalimu wa zamani, jambo linaloonyesha kwamba kushika chaki hakumfanyi mtu alinde mshahara wa mwenye chaki akishashika kalamu ya hazina.

Tunataka msomaji alikumbuke tangazo lile la 534, kwa sababu ndilo linaloeleza migomo mingi iliyofuata. Serikali mpya ya mwaka 2003 ilikubali kulipa nyongeza iliyosalia kidogo kidogo. Lakini walimu walipogoma katikati ya mwaka 2013, miaka 16 baadaye, miongoni mwa madai yao yalikuwa marupurupu yaleyale yaliyoandikwa 1997. Tulipokuwa tukisema hapa Sydney kwamba walimu hawatosheki, walikuwa wakidai pesa zilizokubaliwa tukiwa sisi wenyewe tunavaa sare za shule.

Watoto wakaongezeka, walimu hawakuongezeka

Mwaka 1998 serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya, isipokuwa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia shuleni kwa mkupuo. Dunia nzima ilifurahi. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge alivaa soksi ndefu na kaptula akaanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84.

Furaha ile ililipiwa na mwalimu. Aliyekuwa na wanafunzi 40 alijikuta na 80 au 100, kwa mshahara uleule. Sisi wauguzi tunaielewa hesabu hii upesi. Wodini tunajua tofauti ya kuhudumia wagonjwa 4 na kuhudumia 10. Saa za kazi ni zilezile na cheo ni kilekile, lakini si kazi ileile tena. Mtu akiuliza kama mwalimu analipwa haki kuliko askari, karani au muuguzi, asitazame karatasi ya mshahara peke yake. Ahesabu vichwa vilivyo mbele yake na madaftari anayokwenda nayo nyumbani.

Mahakamani

Katiba ya 2010 iliipa TSC nafasi yake katika Ibara ya 237, na katika Ibara ya 230 ikaunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Nia ilikuwa njema: kuwe na chombo kimoja kinachotazama watumishi wote wa umma, ili kazi zenye uzito sawa zisilipwe kama mbingu na ardhi.

Tarehe 30 Juni 2015, Jaji Nderi Nduma wa mahakama ya ajira aliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 ya mshahara wa msingi, kwa kipindi cha kuanzia Julai 2013 hadi Juni 2017. Serikali haikulipa. Muhula wa tatu ulifunguliwa Septemba bila walimu, na mgomo ukaendelea kwa wiki 5 hivi. Tarehe 6 Novemba Mahakama ya Rufaa ilibatilisha nyongeza ile, na moja ya hoja zilizobishaniwa ilikuwa nafasi ya SRC katika kupanga mishahara. Oktoba mwaka 2016 ndipo TSC na vyama vya walimu walipotia sahihi mkataba mpya wa shilingi bilioni 54.

Hapa tukubali upande wa pili, kwa sababu mhasibu wetu wa ile meza aliusema vizuri. Walimu wa TSC wakati ule walikuwa zaidi ya 280,000. Ukimwongeza daktari, hazina inahisi kidogo. Ukimwongeza mwalimu, hata kidogo, unazungumzia mabilioni. Na pesa hizo hutoka kwa mkulima wa chai na fundi wa jua kali, ambao wengi wao hawajawahi kupata hata mshahara wa mwalimu. Hiyo ni kweli, na walimu wasioingia darasani wapo pia.

Lakini wingi wa walimu si kosa lao. Wako wengi kwa sababu watoto ni wengi. Hoja ya wingi ikikubaliwa bila mipaka, ina maana kwamba kadiri kazi inavyohitajika na watu wengi zaidi, ndivyo anayeifanya atakavyolipwa kidogo zaidi. Nasi tulipata dawa ileile. Madaktari, ambao ni wachache, waligoma kwa siku 100 kuanzia tarehe 5 Desemba 2016, wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013. Wauguzi, ambao ni wengi, waligoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, karibu miezi 5. Wengi wenu mnamjua mwenzetu au ndugu aliyekata shauri la kuja huku katika miezi ile.

Na huku tuliko?

Baadhi yetu tulipofika New South Wales tulidhani mambo haya yalikwisha kitambo kwa wenzetu. Tulikosea.

Mwaka 1932, wakati wa msukosuko wa uchumi, jimbo hili lilipitisha sheria ya kuwaachisha kazi walimu wanawake walioolewa. Haikufutwa hadi 1947. Hata baada ya hapo, mwalimu mwanamke alilipwa pungufu ya mwanamume wa darasa la pili yake. Chama cha walimu cha jimbo, kilichoanzishwa 1918, kilipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1958 sheria ya malipo sawa ikapitishwa. Pengo lilizibwa hatua kwa hatua, likaisha 1963. Tulipokuwa tukiipandisha bendera yetu, mwalimu mwanamke wa Sydney alikuwa ndiyo kwanza anapata mshahara kamili.

Lakini tazama nani aliachwa nje. Sheria ile ya 1958 haikuwahusu wanawake waliofanya kazi zinazofanywa kwa kawaida na wanawake. Yaani wauguzi. Mwalimu mwanamke alikuwa na mwalimu mwanamume wa kulinganishwa naye. Muuguzi hakuwa na mtu. Basi kazi yake ikabaki na bei ya kazi ya kike. Mwaka 2023, tarehe 30 Juni, wahudumu wa wazee kote Australia walipata nyongeza ya asilimia 15 baada ya Tume ya Fair Work kukubali kwamba kazi yao ilikuwa imethaminiwa chini ya uzito wake. Wengi wetu tulianza maisha huku kwa kuosha na kulisha wazee usiku, tukienda mihadharani asubuhi. Baadhi ya waliosimama nasi kwenye zamu zile walikuwa walimu wenye shahada kutoka Kenya, ambao vyeti vyao vilikuwa bado vinakaguliwa. Nyongeza ile iliwagusa mwalimu na muuguzi kwa mkupuo mmoja.

Walimu wa jimbo hili nao hawajapumzika. Sheria ya 2011 iliweka kikomo cha asilimia 2.5 kwa nyongeza za mwaka za watumishi wa umma, walimu na wauguzi kwa pamoja. Februari 2021, uchunguzi ulioongozwa na Geoff Gallop, waziri mkuu wa zamani wa Australia Magharibi, ulionyesha kwamba mishahara ya walimu ilikuwa imeshuka ikilinganishwa na ya taaluma nyingine huku kazi ikizidi, na ukapendekeza nyongeza ya asilimia 10 hadi 15. Tarehe 7 Desemba 2021 walimu waligoma kwa siku nzima, kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 10. Februari iliyofuata tuligoma sisi wauguzi. Mwaka 2023 makubaliano yalifikiwa: mwalimu anayeanza kazi akapanda kutoka chini kidogo ya dola 76,000 hadi 85,000 kwa mwaka, na aliye juu ya ngazi akafika dola 122,100.

Hatusemi huku ni peponi. Wazazi wenye watoto katika shule za Blacktown na Mount Druitt wanajua madarasa yanayounganishwa kwa sababu mwalimu hayupo. Tunachosema ni kwamba hapa pia hakuna aliyemsogeza mwalimu kwa hisani. Alisogea pale ulinganisho ulipofanywa hadharani, ukaandikwa, na aliyetia sahihi akalipa.

Bei mbili zimerudi

Tukiweka vipande hivi pamoja, tunaona jambo moja likijirudia. Mwaka 1948 bei mbili zilikuwa za rangi. Kabla ya 1967 zilikuwa za mwajiri. Hapa New South Wales zilikuwa za mwanamke na mwanamume. Kila mara kulikuwa na maelezo ya busara: mahitaji yake ni madogo, mfuko wetu ni mdogo, ana mume wa kumlisha. Na kila mara watu wawili walisimama mbele ya ubao mmoja, wakafanya kazi moja, wakaenda nyumbani na mishahara miwili.

Leo bei mbili za Kenya zimevaa jina la unagenzi. Sekondari msingi ilipoanza 2023, maelfu ya walimu wenye shahada waliajiriwa kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walifundisha masomo kamili, walitunga mitihani, walisahihisha. Waligoma mwaka 2024, na Aprili mwaka huo mahakama iliamua kwamba mpango ule haukufuata sheria. Wapo pia walimu wa BOM, wanaoajiriwa na halmashauri ya shule na kulipwa kwa michango ya wazazi. Hao hulipwa kinachopatikana, na kisipopatikana hungoja.

Na hapa, ndugu wanachama, historia inaingia ndani ya ukumbi wetu. Chama chetu kimechangia ujenzi wa madarasa nyumbani. Tumeona picha: mabati mapya, rangi ya bluu na krimu, kibao chenye jina letu, watoto wakiimba. Tumejivunia, na ni haki yetu kujivunia. Lakini katika moja ya ziara hizo, baadhi yetu tulimuuliza mwalimu aliyetukaribisha kama ameandikwa na TSC. Akacheka kidogo, akasema yeye ni wa BOM, na kwamba alikuwa hajalipwa kwa miezi 2. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alitushukuru kwa dirisha.

Tulirudi Sydney na aibu hiyo, na mpaka leo hatujaizungumza mkutanoni. Tunaizungumza sasa. Tunapendekeza kwamba kuanzia harambee ijayo, kila mara tunapokubali kusaidia shule, swali la kwanza liwe: mwalimu wa darasa hili analipwa na nani, na kiasi gani? Na kama ni wa BOM, sehemu ya mchango wetu iende kuufikisha mshahara wake pale ulipo wa mwenzake wa TSC anayeanza kazi, kwa mwaka mmoja angalau, kupitia akaunti ya shule na kwa maandishi.

Tunajua watakaopinga. Watasema hiyo ni kazi ya serikali, na tukianza kulipa mishahara serikali italala zaidi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuna jibu kamili. Wengine watasema darasa linaonekana kwenye picha, mshahara hauonekani. Hilo nalo ni kweli, na labda ndiyo sababu madarasa yamekuwa mengi kuliko walimu. Tunachoomba ni jambo liingie katika ajenda ya mkutano mkuu, tulijadili bila kuoneana haya, na tuamue.

Kwa maana sisi tulisomeshwa na walimu ambao walikuwa na mwajiri mmoja, bei moja na pesa ya kutegemewa, hata kama haikutosha. Kwa karatasi ile ya mshahara walituma watoto wao ng'ambo, wakadhaminiana hata wasiowajua watoto wenyewe. Mwalimu wa leo wa shilingi 20,000 hawezi kumdhamini mtu. SACCO haimkopeshi kwa uzito huo. Mtoto wake akitaka kuwa muuguzi, hatakuwa na walimu watano wa kumtilia sahihi.

Mzee wetu alisharudi Kenya. Tulimpigia simu tukamwambia tumepata jibu la swali lake. Akacheka, akasema, "Vizuri. Sasa ulizeni mwalimu analipwa na nani leo."

Heri ya Jamhuri, na karibuni mkutanoni.